Mikono Iliyomega Mkate

Hosiyat aliwaokea mikate watu wa mtaa wake katika mji wa Margilan kwa miaka ishirini na sita. Mkono aliutia tanurini mpaka begani, akaubandika mkate kwenye ukuta wake wa ndani bila kukunja uso. Watu walisema ana mkono wa heri.

Alipofikia hamsini, vidoa vyeupe vilimtoka mikononi na miguuni, vidogo kama chenga za mchele, visivyowasha wala kuuma. Akaenda kwa daktari na Sabohat, jirani na shoga yake tangu usichana. Daktari akawaambia wote wawili kwamba hiyo si mbalanga. Ni jua na umri tu. Haviambukizi, wala havitaki dawa. Njiani Sabohat akamtania, "Umezeeka, shoga. Jipake unga, nani ataviona?" Wakacheka mpaka mlangoni.

Vuli ile binti wa Sabohat akaposwa. Sabohat alimwomba Hosiyat aoke mikate ya posa, tena aimege yeye mwenyewe mbele ya pande mbili, maana mkate ukishamegwa neno limefungwa. Hosiyat hakulala vizuri kwa furaha. Alikanda unga kwa maziwa na samli, akavaa gauni la hariri.

Siku ilipofika, aliponyoosha mikono kuumega mkate wa kwanza, mikono ya gauni ikapanda. Mama wa bwana harusi akaurudisha mkate nyuma.

"Huyu mama ana mbalanga. Ndiye anayewaokea?"

Hosiyat akamtazama Sabohat. Neno moja tu lingetosha.

Sabohat akatengeneza ushungi wake. "Mimi nitajuaje, mama? Ni jirani tu, tulimwonea huruma."

Ikaletwa mikate ya sokoni, akaimega shangazi mtu. Wakaomba dua. Hosiyat alikuwa ameshatoka, na hakuna aliyemwita.

Alasiri Sabohat akaja na sahani ya pilau, akasimama nje ya kizingiti.

"Usinune, dada. Wakwe unawajua. Mwanangu angeachwa."

Hosiyat aliipokea sahani, na kwa mazoea akaanza kuwaza ataijaza nini, zabibu au karanga, kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu.

"Hiyo sahani kaa nayo," Sabohat akasema, macho chini. "Usijisumbue kuirudisha."