Penina na Kipande cha Anga

"Ninyi kila asubuhi mnapanda gari kufuata kazi Arusha mjini," Penina alisema kwenye kipaza sauti cha kanisa, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, mbele ya usharika mzima, mchungaji akiwa amesimama pembeni yake na jogoo aliyekosa mnunuzi. "Mimi kazi itanifuata hapa hapa mlimani. Nitalipwa na Wazungu nikiwa nimekaa migombani kwa mama yangu, nimevaa kanga na ndala."

Watu walipiga makofi. Kwetu watu hupigia makofi chochote kinachopita kwenye kile kipaza sauti, hata fundi akijaribu moja-mbili-tatu. Lakini maneno yale yalikumbukwa, maana Penina ndiyo kwanza alikuwa amerudi na godoro lake juu ya pikapu, na mtu mzima anayerudi kwao na godoro huwa anadaiwa maelezo.

Penina Kaaya ni binti wa baba yangu mkubwa. Ana miaka thelathini na sita, sauti nzuri ya simu, na kazi ambayo ilibidi niulizie mara mbili. Anapokea malalamiko ya wateja wa kampuni moja ya Ulaya inayouza vitanda vya mbwa. Vitanda. Vya mbwa. Huko mbwa analala kwenye godoro, godoro likibonyea mwenye mbwa anapiga simu akiwa na uchungu wa kweli, na anayepokea ni Penina, anampa pole mpaka mtu anatulia. Kazi hiyo aliifanya miaka miwili chumbani kwake Moshono, pembeni mwa mji, ambako intaneti inaingia ndani kwa waya na haina maneno mengi.

Kisha mwezi wa kumi na moja mama yake aliteleza akikata majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani, na tangu hapo hainuki bila kuinuliwa. Nyumbani yupo Sifaeli, mdogo wake Penina, kitinda mimba, ambaye kwa utaratibu wa kwetu ndiye anayebaki na boma. Lakini Sifaeli ni mwashi, anaondoka alfajiri kwenda Usa River kujenga nyumba za watu wengine. Mkewe Nashilu alikuwa na mimba ya miezi saba. Na bibi mwenyewe, maana ndivyo sote tunavyomwita mama yake Penina siku hizi, alishatangaza kwamba mtoto wa kiume hatamwogesha hata kama itabidi anuke mpaka Pasaka. Kwa hiyo Penina akaachia chumba cha Moshono.

Tatizo ni kwamba bondeni kwetu mtandao wa simu unapatikana ukisimama kwenye kona ya zizi, na hapo ni kwa mtu mwenye salamu fupi. Huwezi kumfariji mwenye mbwa ukiwa umeshika mkia wa ng'ombe. Ndipo Penina akatoa akiba yake yote akanunua dishi la intaneti ya satelaiti kwa mtu wa Namanga, likaja kwenye boksi safi kuliko meza ya kulia chakula ya nyumbani kwetu.

Lilifungwa Februari, na hapo ndipo tulipokosea wote. Februari kwetu kila mtu yuko juu ya mti na panga. Tunapunguza matawi ya migrevilea na miringaringa tupate kuni kabla ya masika, na kwa wiki chache kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinakuwa kimenyolewa, jua linafika mpaka chini kwenye kahawa. Fundi Abdiel alikuja kutoka Moshono, akazungusha simu yake juu kutazama anga, akasema, "Hapa pako wazi kama uwanja wa mpira." Akalipachika dishi juu ya paa la stoo ya kahawa, akanywa chai, akaenda zake. Yeye alijua dishi linataka kuona mbingu bila kizuizi. Sisi tulijua kwamba kufika Aprili mringaringa ule ulio nyuma ya stoo utakuwa umeota matawi ya kufunika kanisa. Mambo haya mawili yalikaa benchi moja uani, yakanywa chai ya birika moja, na hakuna aliyeyatambulisha.

Wiki saba zilikwenda vizuri, kama unaita vizuri. Penina aliamka saa kumi na moja alfajiri, akachemsha maji, akamwogesha mama, akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni asipate vidonda, akampa uji. Akakata majani ya ng'ombe. Saa nne asubuhi alikuwa stoo, kati ya magunia na mizani ya kahawa, amevaa hedifoni, anaanza kuwa mtu mwingine. Mpaka saa kumi na mbili jioni. Mama yake akitaka kuinuliwa aligonga kikombe kwa kijiko. Penina akisikia kijiko alimwambia mteja avute subira kidogo amtafutie oda yake, akavua hedifoni, akakimbia. Kwa hiyo wako watu Ulaya wanaoamini kutafuta oda ya kitanda cha mbwa kunachukua muda uleule unaotosha kumtoa mwanamke wa Kimeru wa kilo themanini kitandani na kumfikisha kwenye kiti. Hawakukosea sana.

Siku moja nilimkuta amesinzia mezani, hedifoni masikioni.

"Da Penina, umelala?"

"Silali. Nasikiliza muziki wanaompigia mteja akisubiri."

"Na mteja?"

Alifumbua macho. "Mungu wangu, mteja."

Masika yakaanza. Mvua ya Meru ikinyesha wiki mbili, hata nguzo ya seng'enge huota majani. Migomba ikafungua majani mapya, mringaringa ukajifunika, na simu za Penina zikaanza kukatika. Mara mbili kwa siku, mara nane, halafu kila mbwa wa tatu. Msimamizi wake huko, mama mmoja anayeitwa Fiona, ni mpole sana kwenye maandishi. Onyo la kwanza lilikuja kwa upole. La pili lilikuja kwa upole zaidi, na hilo ndilo lililomtisha Penina. Lilisema Jumatatu ya wiki inayofuata watafuatilia laini yake kutwa nzima. Ikikatika mara moja, mkataba unakwisha siku hiyohiyo.

Hakuwa na kazi nyingine iliyokuwa tayari kumfuata mlimani. Angelazimika kurudi mjini, na mama angebaki na kijiko chake.

Jumatano jioni alimngoja Sifaeli akitoka kazini, hata hajanawa saruji mikononi.

"Mdogo wangu, nakuomba ule mringaringa."

"Unauomba uufanyie nini?"

"Upunguzwe. Dishi halioni juu."

Sifaeli aliutazama mti kama ndiyo anauona leo. "Dada, ule Baba aliupanda mwaka niliozaliwa. Zile ni mbao za milango yangu."

"Nimeomba matawi, sijaomba milango."

"Matawi yakianguka yanaangukia kahawa, na kahawa imebeba. Subiri tuchume."

"Mtachuma lini?"

"Kuanzia mwezi wa saba hivi, mpaka wa kumi."

"Mwezi wa saba mimi nitakuwa sokoni Tengeru nauza ndizi."

"Ndizi nazo zina wateja," Sifaeli akasema, na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyebeba tofali kutwa nzima na anataka chakula chake. Nashilu alikuwa jikoni, mtoto mchanga mgongoni, anasonga loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, akapaza sauti, "Wifi, mwache ale kwanza, huyu akishiba huwa ana akili." Alikula. Akili haikuja.

Na Penina hakuwa na pa kubishia. Kwetu binti hukaribishwa nyumbani, analishwa, hata akiugua anauguzwa, lakini hapandi mti wa kwao na panga. Hilo halijaandikwa popote, na ndiyo maana huwezi kulifuta.

Alhamisi na Ijumaa, kabla mama hajaamka, alizunguka kihamba chote na simu ameielekeza juu, akitafuta kipande cha anga. Juu ya zizi, majani. Juu ya choo, majani. Shambani chini, migomba. Alipanda paa la nyumba kubwa, akashuka na kutu kwenye magoti. Jirani yetu Mama Bariki alimuuliza toka upande wa pili wa ua kama anapiga picha za malaika. Jumamosi simu ikamwonyesha anga iliyo wazi, duara zima, bila jani hata moja. Aliposhusha macho aone amesimama wapi, alikuwa amesimama kwenye vigae vya kaburi la baba yake.

Ukifikiri vizuri, kwingine kusingewezekana. Baba mkubwa amezikwa kihambani kama wote wa kwetu, na Sifaeli alimjengea kaburi la saruji na vigae vyeupe. Tangu hapo huwa anang'oa kila mche unaochipua karibu, mizizi isije ikapasua kazi yake. Nafasi yote ile haina mti. Katika ekari moja na nusu ya majani, aliyekuwa na anga alikuwa marehemu peke yake.

Penina alikwenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake.

"Mama, nimepata mahali pa dishi."

"Wapi?"

"Kwa Baba."

Bibi aligeuza uso dirishani. Nje Nashilu alikuwa anachanja kuni. "Utamtoboa?"

"Hapana. Lina miguu, linasimama lenyewe."

"Basi lifute vumbi kwanza. Hakupenda uchafu."

Jumapili mchana, watu wakiwa bado kanisani kwenye mnada, Penina alilishusha dishi, akalibeba kifuani kama mtoto, akalisimamisha juu ya vigae upande wa miguuni. Sifaeli alimkuta anavuta waya chini ya migomba. Alisimama, Biblia kwapani, akatazama kazi ya mikono yake ikiwa na dishi juu.

"Usitoboe vigae, dada."

"Sitoboi."

"Na waya usiupitishe hapo, ng'ombe ataukanyaga." Akaweka Biblia juu ya kisiki, akachukua jembe, akamchimbia mtaro mpaka stoo.

Jumatatu dishi halikukatika. Mvua ilinyesha tangu saa saba, umeme ukaondoka saa tisa, betri ya akiba ikashika. Penina alipokea simu hamsini na tatu, na kijiko kiligonga mara sita. Saa kumi na mbili na robo Fiona aliandika kwamba wamefurahi, kwamba mkataba unaendelea mpaka Desemba, na kwamba kuanzia wiki hii wanamwongezea Jumamosi. Penina alisoma, akafunga kompyuta, akaenda kumwogesha mama.

Jumanne ukoo ulikuwa umeshasikia. Mzee Aminiel, mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa na baba yangu mzazi, jambo ambalo sikuchagua, aliitisha kikao uani kwa bibi jioni ileile. Tulikaa kwenye mabenchi. Penina alitoka stoo na alama ya hedifoni bado iko kwenye nywele.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Penina, kile chombo umekiweka wapi?"

"Kwa Baba."

"Kwa Baba wapi?"

"Juu yake, baba mdogo."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Juu ya kaka yangu. Watu wapige simu za mbwa kupitia kaka yangu."

"Hawapiti kwake. Wanapita juu."

"Unanijibu?"

"Naeleza, baba mdogo. Naomba unisamehe, nimeongea tangu saa nne."

Hapo kijiko kikagonga kikombe. Bibi alikuwa ametolewa nje, amekaa kwenye kiti chake mlangoni, na hakuwa anataka kuinuliwa.

"Shemeji Aminiel," akasema, "aliyelala pale ni mume wangu au ni wako?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Nilikuwa mimi.

"Miaka arobaini," bibi akaendelea, "alikuwa ananipandisha juu ya paa, mimi na mimba zangu, nishike waya wa redio asikilize mpira. Nilishika. Leo na yeye atashika kidogo. Mimi nani ataniogesha huyu akiondoka? Utakuja wewe?"

Mzee Aminiel alivua kofia tena. Ni mtu anayependa sheria, lakini hakuipenda ile picha. Wakanong'ona na wazee wenzake wawili. Mwishowe akasimama na kutamka kwamba dishi libaki, ila aliyeweka kitu juu ya mzee bila kuomba ruhusa ya ukoo atatoa kondoo dume, achinjwe, watu wale, yaishe. Akaongeza kwamba aitwe kondoo wa maelewano, siyo wa matambiko, ili mchungaji naye aweze kula.

"Rangi yoyote?" Penina aliuliza.

"Mweusi. Asiwe na doa."

"Sawa, baba mdogo. Asante." Akanyanyuka kumrudisha mama yake ndani, na wanaume kumi na wawili tukabaki tunamtazama anavyompachika mikono kwapani, anavyoegemeza goti, anavyohesabu mpaka tatu.

Kondoo alimwagiza Jumatano, kwenye ile nusu saa yake ya chakula cha mchana, akiongea na mfugaji aitwaye Lesikar wa Nduruma huku anampa mama ndizi. Kondoo dume mmoja, mweusi, asiye na doa, pamoja na nauli ya pikipiki: shilingi laki moja na elfu themanini. Penina alipiga hesabu: zile Jumamosi alizoongezewa zilikuwa zimeshapata mlaji.