Sauti ya mama mdogo kwenye folda isiyofungwa

Admin, nakuomba jina langu lisionekane popote, Sumbawanga ni mji mdogo na watu wake tunajuana kwa kikohozi. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, nipo mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja hapa mjini. Naandika nikiwa na kinyaa ambacho hata chai ya tangawizi haikiondoi.

Tuko watano kwenye grupu la utafiti. Mada yetu ni maisha ya wanawake wanaoanika dagaa Kirando, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na mimi ndiye niliyewapeleka wenzangu kule, kwa sababu mama yangu mdogo anaishi huko. Ni mjane. Dagaa wake ndio walionisomesha. Wanawake wa mwambao hawamwambii mgeni mambo yao, lakini kwa kuwa nilikuwa mwana wa nyumbani walikubali kurekodiwa. Mama mdogo alieleza jinsi baadhi ya wenye mitumbwi wanavyomwambia mjane kwamba dagaa hapati mpaka akubali kulala nao kwanza. Akaeleza na yeye ilivyomkuta, mwaka ambao watoto walikuwa hawana cha kula. Alilia. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii sauti mnaiweka wapi?" Nikamjibu kwamba tunaifungia mahali, hakuna wa nje atakayeisikia.

Na mahali palikuwepo jamani. Chuo kimempa kila mwanafunzi akaunti yenye sehemu ya kutunzia kazi. Ukitaka mwenzako aone faili lako unaandika jina lake, asiyeandikwa haoni kitu. Tuliporudi tukakaa nje ya maktaba, upepo wa Ufipa unatukata masikio, tuamue sauti zikae wapi. Kiongozi wa grupu, kaka mmoja mchangamfu mwenye maneno mengi, akasema, "Oya, ya chuo inazingua. Kila saa paswodi, kila saa uthibitishe wewe ni nani. Tuweke kwenye akaunti yangu, nawarushia linki, ukibonyeza tu umeingia."

Nikauliza, "Na mtu mwingine akiipata hiyo linki?"

"Dada, nani ana shida na stori za dagaa?"

Wakacheka, wakanyoosha mikono, nikabaki peke yangu. Nilichoweza ni kuzipa sauti zile herufi tu, A, B, C, ili msemaji asijulikane. Bwana yule akazibadilisha akaweka majina ya akina mama na kijiji chao, eti herufi zinamchanganya.

Kilichofuata ndicho kinachonitia kinyaa. Ilikuwa zamu yake kusikiliza sauti na kuziandika. Akaona uvivu. Akachukua ile linki akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la darasa zima na ujumbe huu: "Mwenye bando anisaidie kuandika hizi, mimi nina mechi."

Mimi nilijulia kantini. Nimekaa na sahani yangu ya wali, nikasikia mama mdogo analia nyuma yangu. Niligeuka nikidhani amekuja mjini. Walikuwa vijana wawili na simu mezani, mmoja anaigiza lafudhi yake ya Kifipa, mwenzake anacheka mpaka maharage yanamtoka mdomoni. Niliacha sahani pale pale nikatoka kumtafuta kiongozi.

Nilipomkabili kiongozi, hata kuona haya hakuona. "Si nimeshaifunga linki? Acha kukuza mambo. Kwani huyo mama alilazimishwa kusema?" Yaani mtu amekula ugali na samaki wa yule mama, amenawishwa mikono na yule mama, halafu anasema hivyo huku anatafuna bigijii.

Nikaenda kwa mwalimu anayetusimamia. Alinisikiliza, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Ukiniletea kwa maandishi, utafiti wote unafutwa na nyote watano mnarudia mwaka. Kayamalizeni wenyewe."

Siku ya kuwasilisha, kiongozi alikuja na shati limenyooka. Akasoma mbele ya walimu kwamba taarifa zote zilitunzwa kwa usiri mkubwa. Walimu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akamsifu kwa umakini. Mimi nimekaa pembeni yake, nanusa manukato yake, natamani kumtemea mate.

Kumbe sauti ilikuwa imeshafika Kirando, kwa kuwa mtu akishapakua, kufunga linki ni kazi bure. Vijana waliisikiliza ufukweni wakiwa wanatengeneza nyavu, na mmoja wao ni mtoto wa kuzaliwa wa mama mdogo. Tangu hapo kijana huyo hali chakula anachopika mama yake. Mama mdogo alinipigia simu. Aliitikia shikamoo yangu vizuri tu, kama kawaida yake. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

"Mwanangu, si uliniambia mmefungia mahali?"

Nikaanza kumweleza habari za linki, akanikatiza.

"Basi iondoe. Huko ulikoiweka, nenda kaiondoe."

Nitaiondoa wapi, ndugu zangu?

Sasa ripoti ya mwisho inataka sahihi zetu wote. Wenzangu wamesaini, bado mimi. Wananipigia kila siku: usituharibie maisha dada, yaliyopita si ndwele. Nikisaini nahitimu, na mama mdogo mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisubiri siku hiyo, alishanunua hadi kitenge. Nikiandika malalamiko tunaanguka wote, na jasho lake la miaka yote linapotea pamoja na heshima yake. Lakini juu ya nafasi ya sahihi yangu imeandikwa ile ile sentensi, kwamba taarifa zilitunzwa kwa usiri mkubwa, na kalamu ninayo mkononi.

Nyie mnaosoma hapa, nipeni ushauri bila kunionea huruma. Angekuwa mama yenu mdogo, mngesaini?