Fundi Aliyekataza Kuitwa

Fundi aliyetufungia dishi watu humwita Mzee Bado. Wapo mafundi wanaopewa jina hilo kwa sababu kila ukiwauliza kazi yako imefika wapi, jibu ni hilohilo. Yeye hakulipata kwa uzembe. Alilipata kwa mke wake, na ningependa lieleweke hivyo, maana watu wanaolitumia kumcheka ni wengi.

Mwezi ule mama mkwe wangu alikuwa anakuja kukaa kwetu baada ya kupasuliwa goti. Ni mtu mpole, akimkanyaga paka mkia anamwomba radhi. Lakini mweke mbele ya televisheni, wanaume wawili wananyanyuana na kubwagana, hapo utamtafuta yule mpole usimwone. Alinipigia simu asubuhi, akanipigia na mchana.

"Mwanangu, mimi sina makuu. Chakula nitakula mnachokula nyie. Kulala, popote. Ila mieleka."

"Tunalishughulikia, mama."

"Mnashughulikia au mnajadiliana?"

Tulikuwa tunajadiliana. Mume wangu alitaka lile dishi kubwa, pana kama meza ya kulia, kwa sababu likishafungwa unaangalia chaneli za bure mpaka uchoke. Mimi nilitaka dogo, lenye king'amuzi cha kadi, maana nilishauliza dukani nikaambiwa kwenye za bure mieleka haimo.

"Kwa hiyo tunanunua dishi la mieleka," akasema.

"Tunanunua dishi la mama yako."

Akachukua kofia yake ya ulinzi, akaenda zamu. Nikajua nimeshinda.

Mwenye duka alinikatia waya, akaniuliza nyumba yetu iko wapi. Nikamwambia ni ile ya mwisho, inayopakana na machimbo ya mawe ya zamani. Mkono wake uliokuwa unaviringisha waya ukasimama.

"Mbele yenu kuna ghorofa?"

"Lipo."

"Basi dishi litakaa mgongoni mwa nyumba, juu ya bati, liangalie kule shimoni. Hapo sina wa kukupa ila Mzee Bado. Hawa vijana watakufungia, upepo ukipiga wakwambie satelaiti imehama." Akaviringisha tena kidogo. "Ila akiwa juu, usimwite."

"Nisimwite kwa nini?"

"Usimwite tu, dada yangu."

Alikuja siku iliyofuata baada ya chakula cha mchana, ngazi begani. Mtu mrefu, nguo za kazi zimemzidi kama alizirithi kwa mwenzake mnene. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatandika kitambaa chini ndipo akaweka spana zake. Mwanangu alikuwa mgongoni kwangu, kichwa nje, anamkodolea macho.

"Shikamoo, mwenye nyumba," akamwambia mtoto. Kisha akanigeukia. "Huyu ndiye atakayenikagua?"

"Ndiye, mzee. Na ana ukali."

Akazunguka nyumba, nami nikamfuata nikimsimulia habari za mama mkwe na goti lake. Mbele, ghorofa la jirani limeziba anga karibu yote. Nyuma hakuna uwanja. Bati letu linatokeza kidogo nje ya ukuta, na chini yake ardhi imekatwa wima, imeshuka hadi kwenye maji ya kijani ambayo hayajawahi kunionyesha wimbi hata siku za upepo. Mimi dirisha la nyuma hulifungua kwa ajili ya hewa tu. Kuchungulia sichungulii.

"Haliwezi kukaa chini, uani hapa pembeni?" nikauliza.

"Dishi la chini ni la watoto. Leo huyu ananyonya, kesho atalibembea."

Akaunganisha king'amuzi, akafungua ule ukurasa wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Yote miwili ilikuwa haina kitu. Nikamwambia basi nitakaa hapo nimsomee inavyopanda.

"Usinisomee. Nina kipimo." Akanionyesha kidude chenye sauti ya kulia, kimezungushiwa utepe mweusi pande zote.

"Mzee, kipimo hicho chenyewe kinahitaji fundi."

"Hata mimi nimefungwafungwa hivyo hivyo. Tunakwenda."

Nilimletea chai kizingitini kabla hajapanda. Hakuwa na haraka ya kupanda, hilo niliona. Nikamuuliza kwa utani kama watu wa mji huu wana sauti mbaya kiasi hicho hata hataki kuitwa. Akapuliza chai. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimembeba mtoto na nilikuwa namtikisa alale, akaona hapa pana utulivu wa kusemea.

Zamani, alisema, alikuwa fundi wa redio kwenye safu moja ya vibanda. Kulikuwa na msichana anayewaletea mafundi chai, na akiita mwanzo wa mtaa, sauti yake iliwafikia walioko mwisho wakatoa vikombe. Madishi yalipoingia, mafundi wakagundua kazi ile si ya mtu mmoja. Aliye juu ya bati haioni picha, na anayeiona picha hawezi kuligusa dishi. Kwa hiyo mmoja anasogeza kiasi cha unene wa ukucha, na mwenzake sebuleni anaita: bado, bado, imekaribia, imepita, hapo. Mwisho anasema funga. Akishasema funga, haongei tena, hata sufuria iungue, kwa sababu wa juu anakaza nati, na neno lolote linamtikisa mkono.

"Nikamwoa," akasema. "Ningempata wapi mwingine wa sauti ile?"

Walizunguka nyumba za watu miaka yao yote pamoja, yeye kwenye mabati, mkewe kwenye makochi ya wageni. Mitaa mizima ilisikia ile bado yake ndefu, ndiyo jina likamganda mume. Wakigombana asubuhi, mke alikuwa na dawa yake. Picha inakuja, inang'aa, yeye anaendelea kuita bado. Mume anageuza dishi jua zima mpaka aombe msamaha kutoka juu, majirani wote wanasikia.

Nilicheka. Yeye alitabasamu, akatazama ndani ya kikombe.

"Alipofariki, nikanunua kipimo. Nyumba ya kwanza tu, niko juu, nikamsikia anaita sebuleni. Nikasema ni huzuni. Akasema funga, nikafunga. Nikashuka, picha kama kioo, na mle ndani hapakuwa na mtu. Wenyewe walikuwa uani wananisubiri."

"Hukuogopa?"

"Sauti ya mke wangu, niogope nini?" Akaweka kikombe chini. "Tatizo, anahama. Mwanzo alikuwa sebuleni. Nyumba nyingine nikamsikia uani. Mara juu ya ukuta wa jirani. Juzi nilikuwa juu ya ghorofa, yeye akawa anaita mbele yangu kabisa, hapo ambapo hakuna bati wala ukuta wala chochote. Nikainua mguu nimfuate."

Nikaacha kumtikisa mtoto.

"Mwenye nyumba akakohoa, nikauteremsha. Mtu akiniita kutoka ndani, na yeye anaanza. Ndiyo maana nakwambia kaa kimya. Siku nyingine sijui kama kutakuwa na mtu wa kukohoa."

Nikamwambia aache, nitamtafuta mwingine. Akasema dishi hili ni la mama mwenye goti, na yeye si mtu wa kushindwa na bati la nyumba ya chini. Akapanda.

Nilikaa mbele ya mistari miwili, mdomo umefungwa. Nikamlaza mtoto chumbani. Juu, nyayo zake zilipita taratibu, bati likilia kwa kila hatua, na kipimo kikapiga ti, ti, ti. Mstari wa nguvu ukapanda. Wa ubora ukabaki palepale. Ti, ti. Halafu kimya.

"Mama mtoto," akaita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Kipimo kimezima. Ubora unasemaje?"

Kumwacha juu bila jibu niliona vibaya, na kumjibu niliona vibaya.

"Bado," nikasema.

"Sasa?"

"Bado, mzee. Shuka basi."

"Tumekaribia. Sema."

Nikawa nasema. Ubora ulijitokeza kidogo, ukazama. Nikasema imepita. Akarudisha. Hapo mtoto akalia chumbani, kile kilio cha kushtuka usingizini, nikaenda bila hata kufikiri, mama yeyote angekwenda. Nikamwinua, nikamweka begani, akanyamaza mara moja.

Nikasikia mtu anasema, "Bado."

Ilitoka dirisha la nyuma, ambalo nje yake ni shimo tu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, haina haraka, imesimama usawa wa bati letu kama mtu aliyeegemea mahali. Mwanangu alikuwa amenyanyua kichwa begani kwangu, anasikiliza.

"Bado," ikasema tena. "Imekaribia."

Juu, nyayo zilitoka pale lilipo dishi. Nilizijua kwa sababu bati la upande ule halijapigiliwa vizuri, hulia tofauti. Zilikwenda hatua moja, nyingine ikafuata, kuelekea nyuma. Hakuwa anatembea kama mtu anayeburutwa. Alitembea kama mtu anayeitwa na mkewe.

Nilikimbia hadi sebuleni. Kupiga kelele niliogopa, mtu akishtuka pale ukingoni imekwisha. Kumwambia simama, angenisikia mimi au yule? Kwenye kioo ubora ulikuwa sifuri. Likanijia lile neno moja ambalo likisemwa hakuna tena wa kuita. Nikalisema kwa sauti ya juu, lakini polepole, kama ninavyomwambia mtoto afumbe macho.

"Hapo hapo, mzee. Picha imeshika. Funga."

Kule nje sauti ilikuwa imeanza kusema bado. Ikakatika katikati ya neno.

Bati halikulia. Nilimshika mtoto mpaka akajinyonganyonga. Kisha hatua moja ikarudi. Ikaja nyingine. Nikasikia spana inang'ata nati, ikageuka, ikang'ata tena. Mikono ile ilikuwa imetii neno lile maisha yake yote, ikalitii na sasa. Sikuongea tena. Utaratibu ulikuwa huo, na nilikuwa na hofu nikiuvunja mimi, na yule wa nje atauvunja. Nilikaa hivyo hadi ngazi ilipolia na miguu yake ikagusa chini.

Aliingia, akasimama mbele ya televisheni. Hakuna mawimbi, ndivyo kioo kilivyoandika.

"Umenifungisha dishi kwenye hewa tupu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Alivaa viatu, akaondoka, spana zake zikabaki juu ya kitambaa. Mume wangu aliporudi aliona dishi juu na kioo kisicho na picha ndani, akaniuliza fundi gani huyu. Nikamwambia ameahidi kurudi. Hakuwa ameahidi.

Lakini alirudi kesho yake, na ngazi, bomba la chuma, saruji na sururu. Alimwomba mume wangu, kwa kuwa hakuwa zamu asubuhi ile, apande akalishushe dishi. Yeye mwenyewe hakutazama hata juu. Akatembea uani, jicho moja kalifumba, mpaka akapata upenyo wa anga kati ya ghorofa na tanki la maji. Akachimba hapo. Saruji ilipokauka akaja tena, mume wangu akiwa kazini, akaniomba niisogeze televisheni dirishani, ielekee nje.

Kwa hiyo aliiona mistari mwenyewe. Mkono kwenye dishi, macho dirishani, hakuhitaji mtu. Ubora ulipanda, ukapanda, na mtu akatokea anasoma habari, safi, hadi vifungo vya koti lake unavihesabu.

Hakufunga. Alisimama na spana mkononi, kichwa kimeinama upande wa machimbo. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikinyonyesha. Msoma habari alimaliza, akaja mwingine. Mzee bado amesimama.

"Leo haiti," akasema.

"Picha unaiona mwenyewe, mzee. Aite ya nini?"

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Siku ile ulimsikia, au ulinionea huruma tu?"

"Nilimsikia."

"Yukoje?"

Nikafikiri niseme nini kilicho kweli. "Sauti yake ina mkwaruzo mwishoni. Kama mtu anayezuia kicheko."

Akatafuta ndoo iliyofunikwa pale karibu, akaikalia. Spana ikaning'inia kati ya magoti.

"Hilo sikukwambia."

"Hukuniambia."

"Kwa hiyo hakuwa amekasirika."

"Hapana, mzee. Alikuwa kama mtu anayekusubiri."

Mtoto aliacha ziwa, akageuka kumwangalia, naye akamwangalia mtoto, wakatazamana hivyo kama wakubwa wawili. Kisha akainuka, akaenda kukaza nati, moja baada ya nyingine, kila moja akiijaribu kwa kiganja. Ngazi hakuwa amekuja nayo, na baadaye nilisikia ameiuza.

Alipomaliza kufunga mfuko wake alisimama usawa wa dirisha la nyuma, upande wa ndani, akatazama nje kwa muda.

"Ukimsikia tena," akaniambia, "mwambie nimeshuka."