Mpiga Picha wa Dongobesh Anayeonja Maji

Jua halijatoka vizuri na ukungu bado umeikalia Dongobesh. Bashiri Hatibu amechuchumaa kwenye chemchemi chini ya mji. Anateka maji kwa kiganja, anayazungusha mdomoni, anayatema. Anaonja tena. Ndipo anaanza kujaza debe lake.

Wanawake waliokuja kuteka maji wanamcheka.

"Shehe, yameiva?" anauliza mmoja.

"Bado, ongeza chumvi," mwingine anamjibia.

Bashiri hacheki. Analiinua debe begani na kupanda kilima. Maji hayo si ya chai wala ya udhu. Ni ya kusafishia picha.

Kwa miaka mingi, mtu wa Mbulu aliyetaka picha ya harusi alimtafuta yeye. Harusi ikiwa Tlawi au Basotu, Bashiri alifika, kwa lori au kwa miguu, na kamera yake kifuani. Mwaka huu wa 1956 hatafutwi na mtu.

"Tangu mwaka juzi sijapiga bibi harusi hata mmoja," anasema. "Napiga madereva wanaotaka leseni bomani, kwa Bwana Shauri. Dereva haonyeshi meno. Anakaa kwenye kiti kama amekamatwa."

Duka lake ni chumba kimoja alichoachiwa na baba yake, muuza nguo aliyetoka Kondoa. Nje ya mlango kuna ubao wenye picha za maharusi. Hapo ndipo watu huchagulia mpiga picha. Hakuna anayeuliza kamera ni ya aina gani. Husimama, hutazama nyuso, na wakimwona wanayemfahamu amependeza, huingia ndani.

Siku ya mnada uliopita waliingia Joakimu na mkewe Konsolata, wakulima wa Tlawi. Binti yao wa pekee, Perpetua, anaolewa mwezi ujao. Mume anafanya kazi Moshi, na bibi harusi atahamia huko.

"Shikamoo mzee," Bashiri alimwamkia Joakimu.

"Marahaba. Nimemwona Patriki hapo nje ubaoni, na mkewe. Patriki yule tunayemjua ana uso kama jembe kuukuu, lakini hapo amekuwa mtoto wa chifu! Kama umemweza Patriki, Perpetua wangu atatoka malaika."

Bashiri alicheka. Mwanaamina, mkewe, anasema hajamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Konsolata hakucheka. Alikuwa bado mlangoni, macho kwenye ubao.

"Hizi ni zile zilizotoka," alisema. "Zile ambazo hazikutoka umezitundika wapi?"

"Mama Perpetua," mumewe alimwita kwa sauti ya chini.

"Niache niulize, Baba Perpetua. Ukinunua ng'ombe unamfungua mdomo. Huyu tunamkabidhi uso wa mtoto wetu." Kisha akamgeukia Bashiri. "Marko wa Gehandu ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Bashiri alikaa chini.

Miaka miwili iliyopita, Marko alimwoa Natalia huko Gehandu, na Bashiri ndiye aliyeitwa. Lakini kabla yake tapeli mmoja alikuwa amezunguka Hanang na kamera tupu, isiyo na filamu, akapiga harusi za watu, akalipwa, akapotea. Kwa hiyo wazee wa Marko waliweka sharti: picha zisafishwe palepale nyumbani, wazione kwa macho yao kabla mpiga picha hajaondoka.

"Nilijua si vizuri," anasema Bashiri. "Joto lilikuwa kali, na maji niliyobeba yalitosha kuchanganyia dawa tu, hayakutosha kuoshea. Lakini nikikataa wataniambia na yangu ni tupu. Niliogopa kuikosa kazi. Nikakubali."

Aliletewa maji ya kisima cha jirani, upande wa ziwa la Balangida. Watu wa huko na ng'ombe wao wameyazoea. Ni maji ya magadi. Bashiri hakuyaonja.

Juu ya filamu kuna utando mwembamba, na huo ndio ulioshika picha. Ndani ya maji yale ya moto, yenye magadi, utando ulilainika kama uji.

"Nilipoivuta filamu, nyuso zilibaki majini," anasema. "Niliziona zikielea. Watu wamenizunguka, wanaimba, wanangoja kuona."

Aliahidi kurudi kuwapiga tena, wakiwa na nguo zilezile. Mvua zikakata barabara. Kilimo kikaanza. Kisha Natalia akawa mjamzito, akaomba asubiriwe ajifungue, apigwe na mtoto mkononi.

Alifariki akijifungua. Mtoto naye hakuishi.

"Marko alikuja hapa kwa miguu," Mwanaamina anasimulia. "Hakugomba. Aliuliza tu kama kuna kipande chochote kilichobaki."

Kilikuwepo kipande kimoja cha filamu. Kinaonyesha gauni, mikono miwili na maua. Mahali pa uso pana doa jeupe. Marko alikishika kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama sana, akakirudisha mezani.

"Huyu anaweza kuwa mtu yeyote," alisema, akaondoka.

Siku ile ya mnada Konsolata alitaka kukiona kipande hicho, akaonyeshwa. Bashiri akamweleza kwamba sasa huyaonja maji, huyabeba mwenyewe, na hakubali tena kusafishia picha harusini, hata sharti liwe la nani.

"Sasa unaonja," Konsolata alisema. "Vizuri. Lakini mimi nina binti mmoja, na Moshi ni mbali."

Akatoka. Joakimu alibaki nyuma kidogo. "Usimchukie, ndugu yangu. Bado anamlilia wifi yake."

Joakimu na mkewe wamempata mpiga picha wa Arusha. Hawajaona picha yake hata moja. Wameambiwa ana gari.

"Simchukii," anasema Bashiri. "Swali lake ni la haki. Nimeuza picha miaka yote hii, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo."

Baadaye alimpelekea Marko salamu, akiomba ruhusa ya kukitundika kipande kile. Jibu lilirudi: afanye anavyotaka, yule si mke wake.

Bashiri amekichapa, amekitia fremu, amekiweka katikati ya ubao.

"Baba Seifu, utafukuza hata hao madereva," Mwanaamina anamwambia.

"Waende. Atakayenichagua, anichague akiwa ameiona hiyo kwanza. Nitamngoja huyo."

Leo ni mnada tena. Watu wanasimama mbele ya ubao kama zamani, wanatafuta nyuso wanazozifahamu. Wanamcheka Patriki. Macho yao yakifika katikati, kwenye gauni lisilo na uso, kicheko kinakatika, na wanaendelea na safari yao.

Ndani, debe limejaa na limefunikwa kitambaa safi. Bashiri amekaa kando yake, anautazama mlango.