Sentensi Niliyoikatisha Kanisani

Mpaka leo nikisikia harufu ya mabati yaliyopigwa na jua la adhuhuri, hofu hunijia kwanza, ndipo nyimbo zinapokuja. Kanisa letu la mtaa wa Nyakuron, miaka ile baada ya mkataba wa amani uliomaliza vita, lilikuwa mabati juu na mabati pembeni, na ndani yake tulitokwa na jasho kabla hata ya maombi ya kwanza. Mama alikuwa ameturudisha kutoka ukimbizini Uganda, akauza unga wa muhogo soko la Custom, na wanawake waliopakana naye sokoni ndio hao hao walioketi naye benchi moja Jumapili. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, naimba sauti ya pili katika kwaya ya watoto, na sikumwamini Mungu.

Nilikuwa nimejaribu. Nilifumba macho kama wenzangu, nikangoja, nikasikia jenereta la jirani tu. Lakini ngoma ilipoanza taratibu na sauti nzito za wanaume zikaingia chini ya zetu, mwili ulinisisimka hadi vidole. Nilizipenda nyimbo zile kuliko chakula, na hilo ndilo lililonitisha, maana nilijiona kama mtu anayekula pilau ya harusi ambayo hakualikwa, akimtazama kila anayepita na sinia.

Hofu ilizidi siku Anti Perpetua, mwalimu wetu wa kwaya, aliponichagua niongoze wimbo wa mavuno. Kwetu hakuna aliyeongoza wimbo kabla ya kusimama mbele ya kanisa na kutoa ushuhuda: ameokoka lini, na ametolewa wapi. "Poni, wewe iko na sauti," aliniambia. "Jumapili wewe nasimama, nasema Yesu alikutoa wapi. Kidogo tu, halafu naimba." Wiki ile nilikonda. Nikidanganya, nitauchafua wimbo wenyewe, na nitausikia uchafu huo kila nikiuimba. Nikisema ukweli, kwaya nimeikosa, na Mama atashinda sokoni akitazamwa kwa huruma. Nilimwambia Mama tumbo linauma. Alinitazama kitambo, akarudi kuchekecha unga wake. "Maalesh, pole," alisema. "Tumbo itapoa."

Jumapili tumbo halikupoa. Nilisimama mbele, nikaziona kofia za wazee na vitambaa vya akina mama, wote wakinitabasamia. Nikasema, "Mimi, kwa kweli..." nikakwama. Anti Perpetua akaitikia kwa kichwa kunitia moyo. Nikavuta pumzi nimalizie, liwe liwalo, na hapo sauti ikapanda kutoka benchi la nyuma, ikianzisha wimbo wa sifa. Alikuwa Mama. Mama hakuwa mtu wa kuanzisha wimbo. Sauti yake ilikwaruza, na aliuanza juu mno hata wanaume wakahangaika kuufuata. Lakini kanisani kwetu wimbo ukianzishwa hupokelewa, na anayeshindwa kumaliza ushuhuda huhesabiwa kuwa Roho amemgusa. Wakaupokea. Anti Perpetua akanikumbatia huku analia, nami nikaimba nao, kwa sababu ulikuwa mzuri na sikuweza kunyamaza. Nikaongoza wimbo wa mavuno, na mwaka uliofuata pia, hadi wakati wa kura ya uhuru wa nchi yetu, nikiogopa kila Jumapili kwamba mtu ataniomba nimalizie sentensi yangu.

Siku hizi pale pana kuta za matofali, na vipaza sauti vinavyofika barabarani. Bado siamini na bado ninakwenda, nikimshika Mama mkono, maana macho yake yamepungua nguvu. Juzi tu, akichambua majani ya kunde uani, nilipata ujasiri wa kumwuliza kwa nini aliimba siku ile. Hakuinua kichwa. "Mimi nilijua toka Uganda, wewe hapana amini," alisema. "Niliogopa wewe nasema, halafu wao nanyang'anya wewe nyimbo."

Miaka yote hiyo nilidhani naogopa peke yangu. Nikachukua kunde nikakaa kando yake. "Sasa imba ile," akasema. "Anza wewe. Mimi iko naanza vibaya."

Nikauanza chini kidogo, pale sauti yake inapoweza kufika.