Bunduki Tupu Mbele ya Simba

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu iliyonipata karibu na Makambako enzi za Mwingereza simwombei hata adui yangu, na mpaka leo nikikutana na mtu wa kule natazama chini.

Simba walikuwa wanakula watu. Bwana Nyama, yule Mzungu wa Njombe aliyesimamia mambo ya wanyama, akaniandika askari wake, akanipa bunduki nilinde kijiji chetu, ila akaona kila nikifyatua nashtuka na risasi inakwenda mbinguni. "Unakwapua kifyatulio," akaniambia. "Toa risasi, zoea na bunduki tupu. Weka senti juu ya mtutu, vuta polepole, isianguke." Basi nikawa asubuhi na jioni nyuma ya nyumba, tek, tek, senti imetulia kama imegandishwa, na mama (aliyeogopa bunduki kuliko simba wenyewe) akaniomba risasi zikae ndani ya chungu, nami nikakubali, si ziko karibu tu?

Jumapili moja tunatoka kanisani, yowe likapigwa: simba amekamata ng'ombe wa Mzee Mgaya, baba yake Eliza mchumba wangu, tena mchana kweupe! Nikakimbia nyumbani, nikanyakua bunduki, nikawapita wanaume wenye mikuki kwa maringo (Eliza alikuwa anatazama, mngefanyaje?), nikapiga goti, nikatuliza pumzi, nikavuta polepole, vizuri kuliko siku zote.

Tek.

Nikakoki, nikavuta tena. Tek. Simba akamwacha ng'ombe, akamrukia Mzee Mgaya, akamrarua bega, akatokomea vichakani, mikuki ikimkosa.

Nikamwangukia mzee nikilia. "Baba, nisamehe, risasi nimezisahau kwenye chungu!"

Akanitazama, damu inamtoka. "Askari wa serikali asahau risasi? Hakuna mjinga wa namna hiyo, mwanangu. Sema kweli. Simba huyu ni wako."

Kwetu iliaminika simba wale wanatumwa na mtu, ila hakuna aliyejua ni nani. "Kumbe ndiyo maana kila siku anagongagonga nyuma ya nyumba," mwanamke mmoja akasema, "anawaita!" Nikakimbilia kile chungu niwaonyeshe risasi zangu, wakarudi nyuma, wakasema ni chungu cha dawa. Eliza alimfunga baba yake bega kwa kanga, akaondoka naye bila kugeuka.

Bwana Nyama akachukua bunduki yake, mahari ikarudishwa, na wiki ileile simba akamchukua mama mmoja shambani, macho yote yakaja mlangoni kwetu. Wanawake wakaacha hata kumpa mama yangu salamu ya "kamwene" kisimani. Nikaapa sitashika tena bunduki, hata ya mti ya kuchezea watoto, nikapanda lori la manamba kwenda kukata mkonge Tanga.

Mama alinisindikiza mpaka barabarani. "Nenda, mwanangu," akasema. "Mimi nitaendelea kuwaambia kwamba wewe ni mjinga tu."

Aliwaambia hivyo mpaka anakufa, na hakuna aliyemwamini.