Vitabu vilikaa sebuleni kwangu vikimsubiri mgeni rasmi, mume wangu akafa

Wakuu, habari za humu ndani. Haya ninayoandika yamenipata mimi, nyumbani kwangu, na anayetaka kubisha aje Rhotia, wilayani Karatu, nimwonyeshe mkono.

Ilikuwa mchana. Nimekaa chini sebuleni, miguu nimeinyoosha, mkono wa kulia umefungwa bandeji, nasoma kitabu kwa kidole cha mkono wa kushoto. Mimi niliishia darasa la nne. Kusoma kwangu ni kwa kukokota, neno moja moja, kama mtu anayevuta ng'ombe mbishi kwenye kamba.

Nikafika kwenye ukurasa wenye picha ya ng'ombe aliyekufa. Tumbo limevimba. Damu nyeusi inatoka puani.

Chini wameandika kwamba mnyama akifa ghafla namna hii usimchune, usimpasue, nyama yake usile hata kama umeichemsha. Ugonjwa unaitwa kimeta.

Pembeni kuna picha ya mkono wa mtu. Una kidonda, katikati cheusi kama mkaa.

Nikafungua bandeji. Nikauweka mkono wangu juu ya ukurasa, jirani na ule wa kwenye picha.

Ni kidonda kile kile, wakuu.

Mume wangu tulikuwa tumeshamzika. Na kile kitabu hakikutoka hospitali wala mjini. Kilikuwa ndani ya nyumba yetu kwa miaka miwili na ushee.

Nilipiga ukelele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani nimefiwa tena.

Sasa nirudi nyuma, nisije nikaonekana kichaa.

Mimi ni balozi wa nyumba kumi. Nyumba yetu ina bati na mlango wa kufuli, kwa hiyo vitu vya kijiji vinawekwa kwangu. Sufuria za sherehe kwangu, spika ya kanisa kwangu.

Siku moja ikaja pickup nyeupe ya project. Project yenyewe siitaji, ilishafungwa na watu wake wameshahamia nyingine. Lakini aliyekuja nayo namtaja. Anaitwa Godlisten. Buti zake zilikuwa safi kuliko sahani zangu. Ameongozana na mwenyekiti wetu wa kijiji, Paskali.

Wakashusha maboksi mazito, yamezungushiwa selotepu, yakajaa ukuta mmoja wa sebule.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa mtu wa utani. Akauliza, "Kijana, humo mmeweka mawe ya barabara?"

Godlisten akacheka. "Elimu hiyo, mzee. Vitabu vya wananchi. Mifugo, afya, kilimo. Lugha nyepesi, picha nyingi. Kila kaya itapata."

"Basi tupe, tuanze leo."

"Hapana mzee, mpaka vizinduliwe. Mgeni rasmi atakuja, atakata utepe, tutapiga picha, ndipo mgawiwe."

"Kwani visipozinduliwa herufi hazisomeki?"

Paskali hakucheka. "Baba Neema, acha mzaha kwenye utaratibu." Akanigeukia mimi. "Mama balozi, nakukabidhi. Likifunguliwa hata boksi moja kabla ya mheshimiwa, tutaonana wabaya."

Basi tukajiandaa. Akina mama tukafanya mazoezi ya wimbo. Ikaletwa banner kutoka Karatu. Uso wa mheshimiwa ulikuwa mkubwa, na kwenye kona wameweka ng'ombe mdogo kama panya. Banner ya vitabu vya ng'ombe!

Mgeni rasmi hakuja. Tukaambiwa amepata dharura.

Tukapangiwa tena. Mvua ikanyesha, wakasema gari lake halipandi huku kwetu, udongo unateleza. Malori ya mahindi yanapanda, lake halipandi.

Halafu wakasema tusubiri mambo ya uchaguzi yapite. Yakapita. Kimya.

Maboksi yakageuka samani. Nikayatandikia vitambaa vya kufuma. Wageni wanakalia, redio inakaa juu, paka alizalia nyuma yake.

Najua kuna watu humu vidole vimeshaanza kuwasha. "Mama, mbona hukufungua tu?"

Mwalimu mmoja wa Sunday school alimwomba Paskali kitabu kimoja tu, awasomee watoto. Alifokewa mbele ya mkutano mpaka akalia. Akaulizwa kama yeye ndiye mgeni rasmi. Ninyi mnaokaa mjini mnaweza kumcheka mwenyekiti wa kijiji. Sisi barua ya kuuza hata mbuzi mnadani tunaifuata kwake. Endeleeni kuuliza.

Sasa siku ya ng'ombe.

Tuliamka tukamkuta mtamba wetu amelala zizini, ameshakufa. Jana yake alikula vizuri, hakukohoa, hakuchechemea. Tumbo limejaa kama ngoma, damu puani, nyeusi, haigandi.

Baba Neema alisikitika, alimpenda yule mtamba. Nikamwambia labda tumfukie. Akasema, "Mama Neema, nyama yote hii? Tutamfukia kwani alikuwa mjomba wetu?"

Akachuna. Mimi nikamshikia miguu, nikabeba nyama kwenye beseni. Figo akaibanika pale pale pembeni ya zizi, akala bado inavuja damu, anasifu utamu. Huku kwetu mnyama akianguka nyama hugawanywa, basi na majirani tukawapelekea.

Mimi nikaota kipele mkononi. Hakiumi. Kikavimba, kikaweka weusi katikati. Nikapaka mafuta.

Baba Neema akaanza tumbo. Homa. Akatapika, mwisho ikawa damu. Mama mkwe akaja, akasimama mlangoni, akasema kwa Kiiraqw, mimi nasikia, kwamba mwanawe amelishwa kitu. Akaniangalia mimi. Tukapoteza muda na mizizi ya kuchemsha ya kuondoa sumu.

Tukampakiza kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia asianguke, mpaka hospitali.

Daktari akamwangalia yeye, akauangalia mkono wangu. Akauliza, "Mmekula nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mbona mmechelewa hivi?"

Nikamweleza habari za mizizi. Akaniuliza, "Huko kwenu hamjawahi kupewa elimu ya kimeta?"

Nikamjibu, "Hapana, daktari. Hatujawahi kuletewa kitu."

Wakuu, nilisema hivyo kwa moyo mweupe. Hatujawahi kuletewa kitu.

Baba Neema hakurudi. Mimi nilichomwa sindano nikapona, mkono hauna nguvu kama zamani. Majirani waliokula daktari aliwatafuta haraka wakapewa dawa. Wao wamepona kwa sababu sisi tulitangulia kuugua.

Mwili ulipoletwa nyumbani, jeneza likakosa pa kukaa, meza yetu ni fupi. Paskali mwenyewe, huyu huyu, ndiye aliyeelekeza vijana: "Sogezeni maboksi katikati, tandikeni shuka, jeneza likae hapo."

Mume wangu ameagwa akiwa amelala juu ya maelezo ya ugonjwa uliomuua. Mchungaji akasema ni mapenzi ya Mungu, tukaitikia amina.

Baada ya msiba ikaja siku ya kugawa nguo zake. Nikahitaji boksi la kutilia mashati aliyogawiwa shemeji yangu. Sikuwa na ujasiri wowote, nilihitaji boksi tu. Nikachukua kisu cha jikoni, nikachana selotepu, nikamwaga vitabu chini.

Shamba sikuweza kulima kwa ule mkono. Nikakaa navyo, vitabu. Cha kwanza kilikuwa cha nyuki, nikakimaliza. Cha pili cha vyoo. Cha tatu ndicho kile.

Baada ya pale singeweza kuacha. Nikafungua boksi baada ya boksi, nikasoma aina zote zilizokuwemo, mahindi yakapandwa na wenzangu, yakapaliliwa, yakavunwa, mimi bado nasoma. Kuna kitabu cha kuhifadhi mahindi yasiingie sumukuvu. Kuna cha dalili za hatari kwa mama mjamzito. Kila nikifungua, naona mtu ninayemfahamu. Kila kitabu kina mtu wake hapa kijijini, na wengine wako makaburini.

Cha huduma ya kwanza kinasema aliyeungua mwagie maji safi ya baridi, usimpake kitu. Mtoto wa jirani yangu Ester alimwagikiwa na uji wa moto mwaka jana. Tulimpaka dawa ya meno, mimi ndiye niliyeikimbilia dukani. Shingo yake imekakamaa mpaka leo.

Nilimpelekea Ester kitabu. Akasoma mpaka mwisho.

"Mama balozi, na hiki kilikuwa kwako?"

"Kilikuwa kwangu."

"Nilikuwa nakikalia, eti? Nikija kuomba chumvi."

Siku hiyo hiyo nikabeba vitabu kwenye beseni, nikaanza kugawa nyumba kwa nyumba. Bila wimbo, bila utepe.

Paskali akaja na pikipiki, hata salamu hakutoa.

"Mama, nani amekupa kibali?"

"Baba Neema."

"Baba Neema ni marehemu."

"Ndiyo maana ana haki kuliko wewe."

Akasema nimemdhalilisha, kwamba mheshimiwa akija atakuta nini. Wakuu, mtu amekufa, huyu bado anamsubiri mheshimiwa! Nikamwambia akija mlete kwangu, nitamwonyesha kaburi akalizindue.

Nikampigia simu Godlisten. Alipokea vizuri, pole nyingi, Mungu akutie nguvu. Nilipotaja vitabu, sauti ikabadilika.

"Mama, lile suala lilishafungwa. Kwetu inaonekana viligawiwa."

"Viligawiwa kwa nani?"

"Kwa wananchi."

"Mimi ndiye mwananchi, Godlisten. Nimevikalia."

"Mama yangu, punguza jazba. Nakushauri tu kama mwanao, usiyapeleke mitandaoni."

Ndiyo nimeyaleta.

Nilichojifunza ni hiki. Kama nyumbani kwako, ofisini, kanisani au kwenye stoo ya shule kuna boksi la vitabu linamsubiri mtu mkubwa, kachukue kisu sasa hivi. Ukimaliza kusoma uzi huu usiniandikie pole kwanza, nenda kafungue. Halafu rudi useme umekuta nini. Na usome, hata kwa kukokota kama mimi.

Wenye uzoefu wa mambo haya semeni hapa, na wanaojua sheria nielekezeni pa kushika.

Lakini ninyi watatu nawataja wazi. Paskali, uliyekataza. Godlisten, uliyewaambia wakubwa zako vitabu vimetufika wakati vimefungwa kwa selotepu. Na wewe mheshimiwa, ambaye kwenye banner uso ulikuwepo ila miguu haikufika.

Nataka mkutano wa kijiji uitishwe, msimame mbele ya watu wa nyumba zangu kumi, mama mkwe wangu awe amekaa mbele, maana mpaka leo hanitazami usoni. Mmwambie ninyi, kwa midomo yenu, mwanawe aliuawa na nini, na nani aliamua picha ya uzinduzi ni muhimu kuliko kitabu kumfikia mfugaji.

Sitaki rambirambi wala kijana wa kuja kuniomba nifute uzi. Godlisten, namba yangu unayo. Nijibu, siku gani mnakuja?